Alipona, Tukampa Kazi ya Kukaa

Kwa miaka mitatu mpwa wangu alikuwa na kazi moja pale kijijini kwetu Namasakata: kukaa. Asubuhi dada yangu alimtandikia mkeka barazani, akamwekea chai na muhogo, kisha yeye na wengine wote wakashika njia ya shamba. Mwezi wa sita vijana wenzake walipita na mashine za kupulizia mikorosho mgongoni, wakarudi wamekuwa wa manjano kwa unga wa salfa toka nywele hadi kucha. Mwezi wa kumi walipita na ndoo za kuokotea korosho. Yeye aliitikia salamu na kufukuza mbuzi kwenye makopa yaliyoanikwa. Alianza kukaa akiwa na miaka 17, akaacha akiwa na 20. Wala hakuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikwisha alipokuwa na miaka 11.

Aliyemkalisha ni mimi. Kwetu Wayao mtoto wa dada ni wa mjomba. Kaka ndiye mwenye mbumba, yaani dada zake na wote waliozaliwa nao wamo mkononi mwake, na neno lake juu ya ndoa, shule au matibabu ndilo hufunga kikao. Nilisema, "Huyu asiguse jembe. Mwacheni apumzike." Watu wakaona mjomba ana huruma. Nami nikajiona hivyo hivyo.

Naanza na kosa langu kwa sababu kila tunapozungumzia ajira za vijana waliopona saratani, vidole huelekea kwa waajiri. Wana lao, nitalifikia. Lakini aliyekuwa wa kwanza kumnyima mpwa wangu kazi alikuwa ndani ya ukoo wake, na alimnyima kwa kumpenda.

Ilianza na jino, au tulidhani ni jino. Alikuwa darasa la nne. Shavu la kushoto likajaa, tukampa maji ya chumvi asukutue. Likazidi, wakaja wenye dawa zao na chale zao. Meno ya juu yakaanza kucheza kama mahindi kwenye gunzi bovu. Zilipita wiki ambazo hadi leo sipendi kuzihesabu, maana nilikuja kujua baadaye kwamba uvimbe wa namna ile unaweza kukua maradufu kwa siku mbili tu. Zahanati ikatupeleka hospitali, hospitali ikatupeleka Songea, Songea ikatupeleka Dar es Salaam. Zilipoanza dripu za kemo, shavu lilinywea mbele ya macho ya mama yake. Haikupita wiki mbili alikuwa anatafuna tena. Baada ya miezi kadhaa alirudi kipara, mwembamba, na njaa ya kutisha.

Uvimbe ule unaitwa limfoma ya Burkitt, na historia yake ni yetu, ya Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alianza kuona watoto waliovimba taya, mwaka uliofuata akaandika juu yao, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakazunguka wiki kumi na kilomita zipatazo 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mmeona watoto wa hivi? Katika miaka hiyo ya 60 ikagundulika kwamba watoto hao hupona kwa dawa peke yake, bila kisu wala mionzi. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kushindwa kwa dawa tupu, na ushindi huo ulipatikana kwenye wodi za huku kwetu. Mwaka 1967 kikaanzishwa Kampala kituo cha kuutibu ugonjwa huo, ndicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kwa hiyo vijana waliopona saratani si wageni katika nchi hizi. Tumekuwa nao kwa zaidi ya miaka 60, na wa kwanza wao ni wazee sasa. Madaftari ya hospitali yalihesabu miaka waliyoishi. Safu ya kazi walizofanya haikuchorwa.

Na Burkitt mwenyewe? Alikuwa na jicho moja. La kulia alilipoteza kwa ajali akiwa na miaka 11. Alipoomba kazi ya udaktari katika utumishi wa makoloni, Afrika Magharibi, walimkataa kwa sababu ya jicho hilo. Ilibidi apitie jeshini, na vita ndivyo vilivyomfikisha upande wetu. Kila nikimkumbuka huyo bwana wa ofisini aliyegonga muhuri wa kumkataa, nacheka, kisha cheko linaniishia, maana nami nilikuwa na muhuri wangu.

Mpwa wangu alirudi shule. Darasa la nne tena, na watoto aliowapita kimo. Alimaliza la saba, akaingia sekondari ya kata, akafika kidato cha pili, akaacha. Hakufukuzwa na mtu. Alichoka kuwa mkubwa kuliko wote na mwenye shavu lililobonyea. Hesabu aliziweza hata za waliomtangulia, ila hakuna aliyekuja nyumbani kumuuliza mbona haonekani. Siku hizi mlango upo wazi zaidi: mwishoni mwa 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali waruhusiwe kurudi, na ingawa macho ya watu yalikuwa kwa wasichana waliopata ujauzito, wagonjwa nao wamo. Kwetu habari hiyo ilikuta mkeka umeshatandikwa.

Alipofikisha miaka 18 dada yangu alinisihi nimtafutie japo kazi ya dukani mjini. Nikamchukua. Tulifika kwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, mtu tunayefahamiana. Kijana akaamkia vizuri. Mwenye duka akamtazama, akaonekana kuridhika, akauliza anajua kuandika risiti. Hapo ndipo mimi, kwa kiherehere cha huruma, nikadakia: "Ila ndugu yangu umpe kazi nyepesi, maana huyu aliumwa saratani."

Uso wa yule bwana ulibadilika kama taa iliyopunguzwa utambi. Akanivuta pembeni. Je, haitarudi? Haiambukizi? Akidondoka hapa dukani, nitawaambia nini watu? Mwisho akatoa noti ya shilingi 10,000, akamshikisha kijana mkononi, akasema Mungu atamfanyia wepesi. Tuliingia kuomba kazi, tukatoka na sadaka.

Njiani kurudi, juu ya pikipiki, mpwa wangu aliniuliza sikioni: "Mjomba, kwani mimi nimepona au bado?"

"Umepona," nikamwambia, "lakini..."

Hakusubiri nimalize, nami sikuwa na la kumalizia.

Hiyo "lakini" imekaa hata kwenye sheria zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kubagua watu, na inataja kwa majina misingi anayokatazwa: rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, UKIMWI, umri, na mingine. Saratani haimo. UKIMWI haukuingia mle kwa bahati. Uliingia kwa sababu watu wenye virusi walisimama hadharani enzi za kunyanyapaliwa, wakasema sisi ni wafanyakazi, na mwaka 2008 wakapata na sheria yao nzima. Uingereza, walipoandika Sheria ya Usawa mwaka 2010, waliweka saratani na virusi vya UKIMWI kwenye mstari mmoja: tangu siku daktari anapokutajia ugonjwa, sheria inakulinda kama inavyomlinda mtu mwenye ulemavu, hata kama unatembea na kupumua vizuri.

Kwetu ulinzi huo una mlango mmoja tu, wa ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka kila mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Msichana aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa anaweza kupitia hapo. Mtoto aliyetolewa jicho kwa saratani ya jicho, pengine. Mpwa wangu je? Ana macho mawili, miguu miwili, shavu lililobonyea na ncha za vidole zisizohisi vizuri kwa sababu ya dawa moja aliyopewa. Akijaza fomu, kwenye swali la ulemavu ataweka "hapana" na atakuwa amesema kweli. Kwenye fomu yuko sawa na vijana wote. Kijijini ni "yule wa saratani".

Kuna jambo moja lililonifungua macho. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi walikusanya tafiti nyingi za watu waliougua saratani utotoni wakapona, wakalinganisha ajira zao na za wenzao. Kwa jumla walikuwa katika hatari ya kukosa kazi karibu mara mbili ya wenzao. Hilo si la kushangaza. La kushangaza ni kwamba waliopona Marekani walikuwa na hatari mara tatu hivi, ilhali waliopona Ulaya hawakuonyesha tofauti hiyo. Ugonjwa ni mmoja, dawa ni zile zile. Tofauti lazima itafutwe nje ya miili yao, na wengi huitaja bima: Marekani bima ya afya huja na mwajiri, na mwajiri humwona mgonjwa wa zamani kama deni linalotembea. Nilipolisoma hilo nililiona duka la vifaa vya ujenzi.

Hata hivyo nisijidanganye na sheria. Namasakata watu wenye mkataba wa ajira ni walimu, wahudumu wa afya na watendaji, basi. Kazi ya kijana wa huku ni shamba, kibarua, bodaboda, genge. Kifungu kizuri kikipitishwa Dodoma leo, hakitambadilishia mtu wa kwenye mkeka chochote kesho. Kwake yeye sheria ya kazi ni kikundi.

Namaanisha vikundi vya mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Vijana wa mtaani kwetu walijipanga wakope wanunue mashine za kupulizia salfa, wawe wanakodisha. Wazo zuri, msimu wa kupuliza kila mwenye mikorosho anahangaika. Mpwa wangu akaomba aingie. Walikaa kikao chini ya mwembe na jibu likaja kwa adabu nyingi mno, kupitia mtu wa tatu: "Tunampenda, lakini mkopo ni wa wote. Akitutoka, fungu lake tunalilipa sisi."

Siwalaumu. Hesabu hiyo ndiyo wanayoipiga watu wa makampuni ya bima Paris wakiwa wamevaa suti. Ufaransa imeikata kwa sheria: tangu 2022, mtu akitimiza miaka 5 toka amalize matibabu bila ugonjwa kurudi, hana wajibu wa kuitaja saratani yake anapochukua bima ya mkopo wa nyumba. Wanaita haki ya kusahauliwa. Huku kijijini huwezi kumtungia mtu sheria ya kusahau. Kila mtu anamjua kila mtu toka kitovu. Wenye kikundi kile walihitaji mtu wa kuwaambia ukweli mmoja: limfoma ya Burkitt ikirudi, aghalabu hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mpwa wangu alikuwa na miaka 8 toka dripu ya mwisho. Kati ya wote waliokaa chini ya mwembe siku ile, nusu wakiwa waendesha bodaboda, sina hakika yeye ndiye aliyekuwa wa kuogopewa kufa.

Nani angewaambia? Karatasi zipo. Dada yangu anazo kwenye bahasha ya kaki, ndani ya sanduku, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kadi ya chama. Zimeandikwa Kiingereza, kwa vifupisho, kwa mwandiko tunaoujua. Miaka yote hiyo zimetunzwa kama hirizi: hazisomwi, hazitupwi.

Akiwa na miaka 20 tulikwenda naye kliniki ya mwaka, safari ya mwisho niliyomsindikiza. Daktari alikuwa kijana, mgeni kwetu. Alipima, akaandika, akasema tuonane mwakani. Mpwa wangu hakuinuka.

"Daktari, naweza kubeba gunia?"

"La kilo ngapi?"

"Themanini."

"Anza na hamsini," akasema daktari. Akalifungua faili upya, akapitia ukurasa mmoja mmoja, akamsikiliza moyo mara ya pili. "Mbona uko sawa? Nani alikukataza?"

Mpwa wangu, kwa adabu aliyolelewa nayo, alitazama sakafu. Hakunitaja.

Tulikuwa tumekwenda kliniki miaka tisa, na swali hilo lilikuwa halijaulizwa hata mara moja. Sisi tuliuliza kama ugonjwa umerudi. Madaktari nao walitafuta hicho hicho. Ndiyo maana jambo ambalo ningeliomba kabla ya kifungu chochote cha sheria ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, atoke nao hospitali kila mtoto anayemaliza matibabu, kama kadi ya kliniki ya watoto ambayo kila mama wa nchi hii anaijua hata kama hakusoma. Aliugua nini. Alipewa dawa gani, kiasi gani. Kitu gani kiangaliwe miaka inayokuja, maana dawa hizi hazifanani: ipo inayoweza kuuchosha moyo, ipo inayopunguza usikivu, ipo inayotia ganzi vidoleni. Na mstari wa mwisho, ulio mgumu kuliko yote kwa mtu wa tahadhari kuuandika: anaweza kufanya kazi gani. Asome mwalimu mkuu, asome mwenyekiti wa kikundi. Asome na mjomba.

Wapo ambao mstari huo utasema "hawezi". Mtoto aliyepigwa mionzi kichwani anaweza kuwa mzito wa kusoma maisha yake yote, na huyo kumwambia ajitume ni ukatili wa namna nyingine. Chuo cha VETA pale Songea kinafundisha ufundi wa kila aina; si kila ufundi unamfaa asiyehisi vidole, na si kila asiyehisi vidole anapaswa kubaki nje ya geti. Haya ni mambo ya kumtazama mtu mmoja mmoja, na ndiyo sababu sizungumzii asilimia mpya za kutengwa.

Najua pia nitakaloambiwa: wazima wenyewe hawana kazi, hao waliopona wana nini? Ni kweli, wazima hawana kazi. Ila mzima akikosa kazi anaitwa mtafutaji, anaruhusiwa kuhangaika, kukosea, kuuza barafu leo na vocha kesho. Aliyepona anaambiwa apumzike. Na watakuwa wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka. Nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80 yao, nchi kama zetu chini ya 30, na lengo lililowekwa mwaka 2018 ni kufikisha asilimia 60 ifikapo 2030. Pale Muhimbili shirika la Tumaini la Maisha linashirikiana na hospitali kutibu watoto bila familia kulipa. Kila hatua mbele kwenye wodi zile inatuletea vijijini kijana mmoja zaidi wa kutandikiwa mkeka, tusipojifunza.

Kazi aliyonayo mpwa wangu sasa hakutafutiwa na mtu. Msimu wa korosho ulipofunguka, chama chetu cha msingi kilikuwa na upungufu wa karani wa mizani. Alikwenda peke yake, asubuhi, kabla sijaamka. Katibu alimpa hesabu za magunia, akazipiga kwa kichwa. Hakutaja ugonjwa, na katibu, anayemjua toka kitovu, hakuuliza.

Mwaka jana nilipeleka korosho zangu. Foleni ndefu, jua kali, watu wanalalamikia mizani kama kawaida yao. Zamu yangu ilipofika, nikaona namna anavyofanya kazi. Karani mwingine hujua ukavu wa korosho kwa kuzifinya na kuzipapasa. Vidole vyake havimwambii kitu, kwa hiyo huchota mkono mmoja, akausogeza sikioni, akatikisa. Korosho kavu hulia ndani ya ganda. Alichota kwenye gunia langu la kwanza, akatikisa, akaandika. La pili, hivyo hivyo. La tatu akatikisa mara mbili, akachota chini zaidi, akatikisa tena.

"Shikamoo Mjomba. Hizi bado. Kazianike siku tatu."

Nikamwambia zimekauka, nimezianika mwenyewe. Akaniambia zilizo juu zimekauka, za chini hazijakauka, na nyuma yangu kuna watu. Nilimtazama kwa jicho la mwenye mbumba. Halikumfanya kitu. Akainuka kwenye kiti, akalibeba gunia langu, akalirudisha juu ya pikipiki, akalifunga mpira, akarudi mezani na kuita anayefuata.